Muulize Mjomba: Machinga Kakaa Mlangoni Kwangu, Nimfanyeje?

Toleo lililopita tuligusa kidogo habari ya wenye maduka na machinga, wale wanaopanga bidhaa chini barabarani, basi meseji zimekuja mpaka nimechoka kusoma. Nimechagua tano. Majina yote nimeyaficha, hata ya wale ambao hawakuomba, maana kuna mmoja kaandika mambo ambayo watu wa TRA, mamlaka ya mapato, wakiyasoma wataanza na yeye.

Shikamoo Mjomba. Nina fremu ya mabegi Kariakoo, kodi 800,000 kwa mwezi na nalipa miezi sita kwa mkupuo, hapo sijataja kilemba nilichompa aliyenipisha. Nina leseni, nina mashine ya risiti ya EFD, nina binti wa dukani, mlinzi, hela ya taka. Sasa mlangoni kwangu kabisa kuna kijana kapanga mabegi yaleyale, rangi zilezile. Mimi 25,000, yeye 20,000. Mteja anaingia kwangu anakagua begi, anavuta zipu mara tatu, anajipima kwenye kioo changu, halafu anatoka anaenda kununua kwake! Nauza wastani wa mabegi 10 kwa siku wakati zamani nilikuwa nafika 20. Nimemwambia asogee kaniambia barabara sio ya baba yangu. Nimfanyeje huyu?
*Mwenye fremu, Mtaa wa Kongo*

Marahaba dada yangu, pole sana, hiyo ya kujipima kwenye kioo chako inauma kuliko bei.

Kabla hujaita mgambo naomba ukamuulize kijana, kwa upole, yale mabegi anayachukua wapi. Nimesema anayachukua, maana sidhani kama ameyanunua. Kijana anayetandika mzigo wa laki nane asubuhi na jioni anarudisha yaliyobaki stoo, mara nyingi kabeba mali kauli ya mtu, yani kapewa mzigo kwa kuaminiana, akiuza anarudisha hela ya mwenye mali na kinachozidi ni chake. Na huyo mwenye mali ana fremu kama wewe au ana stoo ghorofani, na usishangae ukikuta ndiye huyohuyo anayekujumulia wewe. Anakuuzia kwa bei ya jumla dazeni mbili, halafu mabegi mengine anawagawia vijana kumi wakatandike mtaa mzima, na kwa vile kijana hana mashine, mauzo yale hayaonekani popote. Huu mchezo serikali inaujua na imeulalamikia miaka na miaka, ila kila operesheni ikija inaanza na aliyekaa chini.

Haya sasa tuje kwenye hesabu zako, na hapa utanisamehe. Wenye fremu wengi wanasema machinga anauza rahisi kwasababu halipi kodi ya serikali. Tupige kwa namba zako mwenyewe. Mabegi 10 kwa siku, siku 26, ni mabegi 260 kwa mwezi. Mara 25,000 ni milioni 6.5 kwa mwezi, milioni 78 kwa mwaka. Hapo hulazimiki hata kujisajili VAT, yani kodi ya ongezeko la thamani, maana tangu Julai 2023 kiwango kilipanda kutoka mauzo ya milioni 100 mpaka milioni 200 kwa mwaka. Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni mtu binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 analipa asilimia 3.5 ya mauzo. Kwenye begi la 25,000 hiyo ni shilingi 875. Sasa chukua ile 800,000 ya mwenye nyumba uigawe kwa mabegi 260, unapata 3,077. Kama mwenye nyumba ni wale wanaokataa kukatwa kodi ya zuio ya pango, ile asilimia 10, na anakulazimisha uilipe wewe juu yake, weka 308 nyingine kwa kila begi.

Umeona? Ile tofauti ya 5,000 kati yako na kijana, TRA kala 875, mwenye nyumba kala zaidi ya 3,300. Inayobaki ni mshahara wa binti na mlinzi. Na ulipokuwa unauza 20 kwa siku, pango lilikuwa 1,538 tu kwa begi, kwahiyo mauzo yakishuka pango linapanda bila mwenye nyumba kufungua mdomo. Wakati wa migomo ya Kariakoo, ule wa Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na ule wa Juni 2024 uliosambaa mpaka Mwanza na Mbeya, kelele kubwa ilikuwa kamatakamata na makadirio ya kodi, na kelele ile ilikuwa ya haki kabisa. Ila sikusikia mtu akigoma kwa ajili ya kilemba. Nadhani ni kwasababu wengi wetu tunasubiri na sisi tuje tukipokee siku tukiondoka.

Kumfukuza? Oktoba 2021 walifukuzwa, tena jiji zima, wakapelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa, barabara zikawa nyeupe kabisa. Wenye maduka ya rejareja wakashangilia, lakini wa jumla waliokuwa wanasambaza mzigo kwa mikono ya wale vijana wakabaki na stoo imejaa. Baada ya muda vijana wakarudi mmoja mmoja, na nani aliwapa mzigo wa kuanzia kama sio wenye fremu walewale. Ukimtoa huyu kesho atakuja mwingine na mabegi yaleyale.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mabegi yanayofanana na ya nje ningeacha kuyapanga mbele, ningeweka yale ambayo mtu anataka dhamana, ya laptop, ya safari, na ningeandika ukutani kabisa zipu ikiharibika ndani ya mwezi rudisha nikubadilishie, kijana hawezi kuahidi hivyo maana kesho hajui atakaa wapi. Pili ningetoka kwenda kwenye shule binafsi na maofisi, hao hawanunui chini hata iwe bure, wanataka risiti ya EFD, wanataka profoma, wanataka kukulaumu mwezi ujao wakukute palepale. Hiyo mashine unayoilalamikia ndiyo inayokupa wateja ambao kijana hawezi kuwagusa. Na tatu, hii najua itakukera, yule kijana anaonekana anajua kuuza kuliko binti yako. Muuzie wewe mzigo kwa bei ya jumla, mkatie risiti ya jumla, aache kumuuzia mwingine mlangoni kwako. Anza na mabegi matano, akirudisha hela vizuri muongeze. Kama una wasiwasi hatarudi, basi umejua kwanini aliyempa mali kauli anamjua mpaka kwao.

Kitu kimoja tu usifanye, kuzima mashine ili ufanane naye. Wewe una anwani, yeye hana. Wakija watakukuta wewe.

Mambo vipi Mjomba. Mi ni machinga, kava za simu, chaji, protekta. Kile kitambulisho cha Magufuli nililipa 20,000 yangu nikajua nimeshamalizana na kila mtu. 2021 tukahamishwa tukapelekwa sehemu mteja hapiti, nikarudi mjini kimyakimya. Sasaivi naambiwa niwe na TIN, ile namba ya mlipakodi. Siku mbaya nauza 30,000, siku nzuri 90,000. Nikijirasimisha si ndo nitaanza kukamuliwa?
*Mzee wa kava, Dar*

Poa mdogo wangu. Umeandika mauzo yako mwenyewe kwahiyo usinikasirikie.

Vile vitambulisho Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa Desemba 2018, vilikuwa 670,000, na vilikuwa vya mtu ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo ndugu yangu, sio faida. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, milioni 4 ni kama 13,300 kwa siku. Mama wa karanga anaingia hapo, muuza ndizi wa kutembeza labda anaingia hapo. Wewe mwenye chaji za 15,000 ukiuza moja tu ushatoka! Tuseme wastani wako ni 50,000 kwa siku, hiyo ni milioni 15 kwa mwaka, umepita ngazi ya kodi ya milioni 4, umepita ya milioni 7, umepita ya 11, uko kundi moja na yule mama wa mabegi hapo juu. Kodi yako asilimia 3.5 ni 525,000 kwa mwaka, 1,750 kwa siku ya kazi, na mashine ya EFD inakuhusu. Kwahiyo unaponiuliza kama utakamuliwa, jibu ni ndio utalipa, kwasababu hauko kwenye kundi la wanyonge, kundi ulilojiweka sio lako.

Kwa wenzako wadogo kweli, mfano anayeuza 15,000 kwa siku ambayo kwa siku 300 inakuwa milioni 4.5, hesabu ni tofauti na inafurahisha. Asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 100,000 kwa mwaka. Mwenye daftari linaloeleweka analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yani 15,000 tu. Daftari la 1,500 linakuokolea 85,000, halafu mtu anakwambia hana muda wa kuandika. Chini ya milioni 4 haulipi kodi ya mapato kabisa, na TIN yenyewe kuipata ni bure, ukiombwa hela ujue umekutana na kishoka.

Faida ya kurasimisha sitaki nikudanganye. 2004 ulianzishwa mpango wa MKURABITA kwa mawazo ya yule mchumi wa Peru, Hernando de Soto, kwamba mali ya mnyonge ikiandikishwa inakuwa dhamana na benki itamkopesha. Kwenye kiwanja chenye hati sawa. Kwenye meza ya kava za simu, meneja wa benki anaiangalia anaona kava za simu. Unachoweza kukigusa haraka ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, na vijana wanaiomba kama kikundi chenye katiba na akaunti, wala hautafika na kava zako ukapewa. Ukilinganisha na kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kali unayemlipa rejesho kila siku saa kumi jioni, hiyo ni nafuu kubwa.

Ila kuna kitu TIN haikupi, nafasi ya kukaa. Mgambo akija hakuulizi TIN. Nimeona vijana wanaonyesha karatasi za TRA huku meza inapakiwa kwenye karandinga. Kodi ni ya serikali kuu, barabara ni ya wengine, na hao wawili hawaongei. Hapo nyie na viongozi wenu mna haki ya kupiga kelele, mtu akichukuliwa kodi basi aonyeshwe pa kuifanyia hiyo kazi, na sio nyuma ya uwanja ambapo hata kuku hapiti.

Mjomba heshima yako. Kuna mgeni amekuja kuniona, anauza vifaa vya nyumbani rejareja, sasa sheria imembana anataka leseni iandikwe jina langu, yeye aendelee na biashara, mimi nipate 500,000 kila mwezi nikiwa nimekaa tu. Nimeambiwa wengi wanafanya. Nikubali?
*Anayefikiria, Ilala*

Usikubali.

Amri ya Julai 2025 iliyotolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati ule, Selemani Jafo, iliorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi, ikiwemo rejareja na jumla (supamaketi zimeachwa), miamala ya simu, kutengeneza simu, saluni na kadhalika. Mgeni akikamatwa faini yake haipungui milioni 10, au kifungo, na viza inaondoka. Lakini amri ilikukumbuka na wewe, raia anayemsaidia ana faini ya milioni 5 au miezi mitatu ndani. Halafu kuna ambalo hajakwambia. Leseni ikiwa jina lako na TIN inakuwa jina lako, mauzo yote ni yako mbele ya TRA. Kontena likija na nyaraka za ajabu ni lako, yeye siku mambo yakichemka anapanda ndege na wewe unabaki na deni la kodi la biashara usiyojua hata stoo yake iko wapi.

Sisemi wageni ni wabaya. Wakenya walipitia hili upande wa pili, mwanzoni mwa 2023 lilifunguliwa duka kubwa la Mchina Nairobi, China Square, kwenye moll kabisa barabara ya Thika, lina mashine na kila kitu, na bei zake zikawa chini kuliko za wafanyabiashara wa Kamukunji na Nyamakima hukohuko Nairobi. Wafanyabiashara wakaandamana mpaka mjini. Yani pale mwenye duka rasmi ndiye aliyekuwa rahisi, na wadogo ndio waliolia. Sababu ni kwamba aliruka watu wa katikati, mzigo kutoka kiwandani mpaka kwenye shelfu yake, wakati kikombe cha Kamukunji kimepita mikono minne. Kwahiyo ukiniambia urasmi ndio unaopandisha bei nitakuomba uhesabu mikono kwanza. Kariakoo kuna mpaka mawinga wanaomshika mteja barabarani wanampeleka dukani na kuongeza la kwao juu, mteja anadhani duka ndio ghali.

Habari Mjomba. Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya maji Mwanza, nimehangaika mpaka nimepata nembo ya ubora ya TBS, chupa zangu nzuri zina lebo. Mtaani kuna kinamama wanapika sabuni kwenye ndoo wanajaza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, haina jina, haina tarehe, wananimaliza. Hii sio haki.
*Mtengeneza sabuni*

Haki sio, nakubali, na ile sabuni nyingine ukiishika mikono inababuka. Ila umesema chupa zako ni nzuri, na nimekaa nikawaza chupa moja inakugharimu shilingi ngapi, maana kwenye biashara ya sabuni ya maji chupa na lebo vinaweza kula hela kuliko kilichomo ndani. Wao wanaokota.

Nenda kasimame nusu saa kwenye duka lolote la mtaani, angalia watu wananunuaje. Mtu anakuja na 500, anataka sabuni ya leo. Mafuta ya kula anapimiwa, sukari anapimiwa, na yule mama wa ndoo anampimia hata kwenye kikopo chake mwenyewe. Wewe kiwango chako cha chini ni chupa nzima ya 3,000. Hujashindwa ubora hapo, haukuwepo kwenye 500 yake. Jaza madumu ya lita 20, peleka kwa wenye maduka wapime wenyewe, weka nembo yako kwenye dumu, chupa nzuri zibaki za supamaketi na mahoteli. Ongea na watu wa TBS kwanza kuhusu lebo ya dumu ili usiharibu ulichokipata.

Na kuna kitu kimoja ningekusihi, usiende kuwashtaki wale kinamama. Wawili kati yao wanaopika vizuri waelekeze SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mtengeneza bidhaa mdogo akienda TBS na barua ya SIDO anapunguziwa mzigo wa gharama. Au wauzie malighafi, sulfonic na soda wanainunua bei ya juu kuliko wewe unayechukua kwa pipa.

Mjomba mi ni mwanafunzi wa chuo, nanunua vitu vyote chini kwa machinga. Je naiibia nchi?
*Mnunuzi*

Hapana. Kaptula ya 5,000 inunue kwa amani, tena ile forodhani ilishalipiwa au ilitakiwa ilipiwe kabla haijakufikia. Ukiingia kwenye duka lenye mashine ndio udai risiti, na uisome. Sheria inamfaini asiyetoa na asiyedai, na ukipewa risiti ya 10,000 kwa kitu cha 100,000 hiyo sio risiti. Muuzaji akikuuliza "ya risiti au bila risiti?" halafu bei zikawa mbili, jua hapo uko kwa machinga mwenye mlango, na huyo ndiye anayemuumiza mama wa mabegi kuliko kijana wa nje.

Simu, ila, usinunue chini. Hiyo haina uhusiano na kodi, ni kwamba ukirudi kesho hautamkuta.